Nywele za Mtoto Zinasema Nini Juu ya Chakula Chake?



Chukua unywele mmoja uliobaki kwenye kitana chako. Uweke juu ya kaa la moto. Utajikunja, utakuwa mweusi, na utatoa harufu kali. Harufu hiyo unaijua. Inafanana na ile ya manyoya ya kuku yanapobabuliwa, na ina undugu na ile ya kibiriti kinapowashwa. Undugu wao ni kitu kimoja kinachoitwa salfa.

Wakulima wa korosho wa Newala na Masasi hawahitaji kufundishwa salfa ni nini. Ni ule unga wa njano unaopulizwa kwenye mikorosho ili kuzuia ubwiriunga. Lakini wengi wetu hatujui kwamba salfa imo pia ndani ya miili yetu. Imo katika nywele, katika kucha na katika damu. Wala haikuingia kwa kupuliziwa. Iliingia kwa njia ya chakula.

Leo katika ukurasa huu tutaeleza namna wataalamu wanavyotoa protini ndani ya nywele na kuzichunguza. Halafu tutaona kwa nini kazi hiyo ya maabara inamhusu sana mama anayesonga ugali wa muhogo, awe Newala juu ya uwanda wa Makonde, au Masasi chini ya milima ya mawe.

UNYWELE UMETENGENEZWA NA NINI?

Unywele mkavu karibu wote ni protini. Protini hiyo inaitwa keratini. Kucha zako, kwato za mbuzi na pembe za ng'ombe pia zimetengenezwa kwa keratini.

Ili uelewe protini ni nini, fikiria shanga zilizotungwa katika uzi. Kila ushanga ni kitu kidogo sana kiitwacho asidi amino. Ziko aina 20 za shanga hizo, na mwili huzitunga kwa mipango mbalimbali. Mpango mmoja hutoa nyama ya mkono, mwingine hutoa damu, mwingine hutoa unywele.

Katika shanga hizo 20, mbili tu ndizo zenye salfa. Moja inaitwa sisteini, nyingine methionini. Keratini ya nywele imejaa sisteini. Katika kila shanga 100 za unywele wa mtu mwenye afya, kama 14 hadi 18 ni sisteini. Protini nyingi nyingine za mwili hazina kiasi kikubwa hivyo.

Sisteini ya uzi mmoja hushikana na sisteini ya uzi wa jirani kwa kutumia salfa. Ni kama mafundo yanayofunga nyuzi za mkeka ili zisiachane. Mafundo hayo ndiyo yanayoupa unywele nguvu. Ndiyo sababu unywele ukifukiwa ardhini hauozi upesi kama nyama, na ukiuvuta haukatiki ovyo.

Jambo jingine la kukumbuka ni hili: sehemu ya unywele iliyo hai ni shina lake tu, lililo ndani ya ngozi. Sehemu unayoichana haina uhai. Nywele za kichwa hukua karibu sentimeta 1 kwa mwezi. Kwa hiyo sehemu iliyo karibu na ngozi ilitengenezwa kwa chakula cha mwezi huu. Sehemu iliyo umbali wa sentimeta 3 ilitengenezwa kwa chakula cha miezi mitatu iliyopita. Unywele basi ni kama daftari. Kilichokwisha kuandikwa hakifutiki.

WATAALAMU WANALISOMAJE DAFTARI HILO?

Kwanza nywele huoshwa vizuri ili kuondoa mafuta, jasho na vumbi. Halafu hukatwa vipande vidogo vidogo. Hapo ndipo shida inapoanza, kwa sababu protini ya nywele haitoki kwa urahisi. Ukiziloweka nywele katika maji hata kwa mwezi mzima, zitabaki kuwa nywele. Yale mafundo ya salfa hayakubali kufunguka.

Kwa hiyo wataalamu hutumia dawa za aina mbili kwa pamoja. Moja ni ya kukata mafundo ya salfa. Nyingine ni ya kulegeza nyuzi zilizojikunja, na hiyo ni urea, yaani kitu kile kile kilichomo katika mbolea ya urea. Mwaka 2002, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Shinshu nchini Japani walieleza njia ya namna hiyo. Nywele huwekwa katika mchanganyiko huo kwenye joto la nyuzi 50 kwa siku mbili au tatu, na protini nyingi hutoka bila kuharibika.

Protini zikishatoka, zinahitaji kutenganishwa. Huwekwa kwenye utando laini unaofanana na uji wa wanga ulioganda, kisha umeme hupitishwa. Protini ndogo hupenya upesi na kwenda mbali, kubwa huchelewa nyuma. Ni kama kuchekecha unga: chembe laini hupita, chenga hubaki.

Kama wanataka kuhesabu shanga zenyewe, huzichemsha nywele katika asidi kali kwa joto la nyuzi 110 kwa muda wa siku nzima. Nyuzi zote hukatika na shanga humwagika, kisha huhesabiwa aina kwa aina. Sisteini huharibika kwa urahisi katika asidi hiyo, kwa hiyo hutayarishwa kwanza kwa dawa ya kuilinda.

Siku hizi ziko pia mashine za kupima uzito wa vipande vya protini, hata vile vidogo kabisa. Mwaka 2016 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba protini za unywele zinaweza kusaidia kumtambua mwenye unywele, kwa sababu protini za watu hutofautiana kidogo kwa kurithi. Jambo hilo lina faida kwa polisi. Lakini sisi wa ukurasa wa afya tuna swali letu: je, nywele hizi zilipata protini ya kutosha?

Tunakuonya, ndugu msomaji: kazi hizi ni za maabara. Dawa na asidi hizo huunguza na kudhuru. Usijaribu nyumbani.

MADAKTARI WALIZIONA NYWELE KABLA YA MASHINE

Mwaka 1933, daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, alikuwa akifanya kazi katika nchi ambayo leo inaitwa Ghana. Aliandika habari za watoto waliovimba miguu na waliobabuka ngozi. Mwaka 1935 alitumia jina ambalo wenyeji wa huko waliuita ugonjwa huo: kwashiorkor. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto anayeachishwa nafasi yake wakati mdogo wake anapozaliwa. Sisi tunauita unyafuzi, na wengine husema kwashakoo.

Hapa Afrika ya Mashariki, Daktari Hugh Trowell aliwaona watoto wa namna hiyo katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1954 yeye na wenzake Davies na Dean walitoa kitabu kizima juu ya ugonjwa huo. Nywele za watoto hao zilikuwa nyembamba na laini, zenye rangi ya kahawia au nyekundu, na zilinyofoka bila mtoto kulia. Mtoto aliyepata chakula kizuri kwa miezi michache, kisha akakosa, kisha akapata tena, alikuwa na nywele zenye mistari: nyeusi, kisha nyekundu, kisha nyeusi. Madaktari waliiita alama ya bendera. Daftari lilikuwa limeandika majira ya shibe na majira ya njaa.

Nywele hizo zilipochunguzwa maabara, sisteini yake ilionekana kupungua. Katika miaka ya 1960 watafiti walitazama pia mashina ya nywele za watoto waliokosa protini. Waliona kwamba mashina hayo husinyaa.

Kwa nini nywele ziumie mapema hivyo? Fikiria kaya ya uwanda wa Makonde wakati wa kiangazi. Kwa miaka mingi kina mama wa huko wameteremka mabondeni kutafuta maji. Ndoo ikiwa moja tu nyumbani, maji yatanywewa na kupikiwa. Kufua nguo kutasubiri. Mwili nao hufanya hivyo hivyo. Protini ikiwa chache, moyo na damu hupewa kwanza. Nywele zitasubiri.

MUHOGO MCHUNGU UNADAI SALFA HIYO HIYO

Sasa tufike jikoni kwetu.

Muhogo ni mkombozi wa watu wa kusini. Huvumilia jua, na hukaa ardhini ukingoja njaa. Lakini muhogo una upungufu mkubwa mmoja: una wanga mwingi na protini kidogo sana, na protini hiyo ina salfa haba.

Tena muhogo mchungu una sumu. Ndani ya mzizi kuna kitu kiitwacho linamarini. Mzizi ukikatwa au ukitwangwa, linamarini huvunjika na kutoa sianidi. Sehemu kubwa ya sianidi huondoka hewani kama mvuke, ikipewa muda. Isipopewa muda, hubaki katika unga. Wakati wa ukame sumu huzidi katika mihogo, hata ile iliyokuwa na sumu kidogo mwaka uliopita.

Mwili wa mtu una dawa yake ya kupambana na sianidi. Huiunganisha na salfa, ikawa kitu kisicho na ukali mwingi, nacho hutoka kwa mkojo. Salfa hiyo inatoka wapi? Inatoka katika zile shanga mbili, sisteini na methionini. Basi salfa ni moja, na wadai ni wengi. Mwili unaidai ili kujenga nyama na nywele. Tena unaidai ili kuiondoa sumu ya muhogo. Mtoto anayekula ugali wa muhogo mchungu asubuhi na jioni, bila mboga ya maana, anadaiwa mara mbili naye hana akiba.

Hatari hii si ya kusimuliwa kutoka mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati wa upungufu wa chakula, watu wilayani Masasi waliugua ghafla baada ya kula muhogo usiotayarishwa vya kutosha. Daktari Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe na wenzake walichunguza jambo hilo. Walichunguza pia namna ya kutengeneza unga uitwao chinyanya, ambao hupatikana kwa kutwanga muhogo mbichi na kuuanika, kisha kutwanga na kuanika tena. Njia hiyo hutumika kwa sababu haihitaji maji mengi wala majuma ya kuanika. Lakini njaa ikibisha hodi, mtu hupunguza hatua, na sumu hubaki.

Kuna ubaya unaozidi kutapika na kizunguzungu. Sianidi nyingi ikimwingia mtu kwa majuma mengi, naye hapati protini yenye salfa, anaweza kupata ugonjwa wa konzo. Miguu yote miwili hukakamaa ghafla na kupooza. Haiponi tena. Wanaoupata zaidi ni watoto na kina mama vijana. Jina hilo limetoka Kongo, ambako ugonjwa huo ulielezwa mwaka 1938. Mwaka 1981, ng'ambo ya mto Ruvuma katika jimbo la Nampula, Msumbiji, watu zaidi ya 1,000 walipooza wakati wa ukame. Mwaka 1985 ulionekana Tarime. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati wa ukame, ulionekana katika mkoa wetu wa Mtwara.

Ugonjwa huu hauambukizi. Haukuletwa na jirani. Umetoka katika unga.

TUFANYE NINI?

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakatenda. Na sisi tufanye hivyo kwa mambo manne yafuatayo.

La kwanza: usifupishe kazi ya muhogo. Kama maji yapo, menya muhogo mchungu na uuloweke siku tatu au zaidi hadi ulainike, kisha uanike. Kama unatengeneza chinyanya, usiruke hatua yoyote. Kisamvu nacho kitwangwe sana na kuchemshwa vizuri.

La pili: lowesha unga kabla ya kuupika. Njia hii ilianzishwa na Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, na kina mama wa baadhi ya vijiji vya mkoa wa Mtwara wamefundishwa. Weka unga wa muhogo katika beseni na usawazishe bila kushindilia. Tia alama ndani ya beseni mahali unga ulipofika. Ongeza maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Mwanzoni unga utashuka. Endelea mpaka unga uliolowa upande tena hadi kwenye alama. Utandaze juu ya jamvi safi au ungo, unene usizidi sentimeta 1. Uache saa mbili juani, au saa tano kivulini penye hewa. Sianidi itaondoka. Kisha songa ugali siku hiyo hiyo, maana unga uliolowa haukai. Maji yanayotakiwa ni machache, na mengi yangetumika kwenye ugali vyovyote vile.

La tatu: usiuache ugali wa muhogo peke yake. Salfa ya nywele na ya kupambana na sumu inalimwa hapa hapa kwetu. Ufuta una methionini nyingi. Tusiuuze wote hadi punje ya mwisho, tubakize wa kuponda na kutia katika mboga. Mbaazi, kunde, choroko, njugu mawe na karanga zina protini nyingi. Zikiliwa pamoja na mtama au mahindi hukamilishana, kwa sababu kinachopungua katika kunde kimo katika nafaka. Dagaa, samaki na nyama ni bora pia. Yai moja la kuku wa nyumbani ni dawa nzuri kuliko chupa ya mafuta ya nywele. Tafadhali usichanganye mambo: salfa ya kupulizia mikorosho ni sumu ya ukungu, si chakula. Usimpe mtu.

La nne: mtazame mtoto wako mapema. Nywele ni shahidi wa kweli, lakini ni shahidi anayechelewa. Nywele zikishabadilika, njaa ya protini imekwisha kaa mwilini kwa majuma mengi. Kwa hiyo mpeleke mtoto kliniki kila mwezi, apimwe uzito. Bonyeza kwa dole gumba juu ya nyayo zake zote mbili, uhesabu hadi tatu. Ukiona mashimo yamebaki, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzingo wa mkono wake wa juu ni chini ya sentimeta 11.5 naye apelekwe mara moja. Usijaribu kumshindilia vyakula nyumbani. Mwili wake umelegea, na shibe ya ghafla inaweza kumdhuru. Wauguzi wanajua waanze na nini.

Si kila nywele nyekundu ni unyafuzi. Wako watoto waliorithi rangi hiyo, na jua hubabua nywele. Tazama kama zimebadilika kutoka zilivyokuwa, kama zimekuwa nyembamba, na kama mtoto amevimba au amekosa furaha.

USIMLAUMU MAMA

Katika vijiji vyetu, mtoto akidhoofu na nywele zikigeuka rangi, watu husema, "Amebemendwa." Wanawanyooshea wazazi vidole kwamba wamevunja miiko. Mama huona aibu, humfunika mtoto kwa kanga, na huacha kwenda kliniki. Siku zinapita. Huko ndiko kumpoteza mtoto.

Wataalamu walipokata mafundo ya salfa na kuhesabu shanga moja moja, hawakukuta miiko ndani ya unywele. Walikuta upungufu wa sisteini. Na upungufu wa sisteini tunaweza kuuondoa kwa chungu cha kunde, kwa kiganja cha ufuta, na kwa subira ya saa mbili kando ya jamvi la unga.

Basi, ndugu msomaji, jioni ya leo wakati watoto wanaoga, mshike kila mmoja kichwa chake taratibu. Tazama nywele zake karibu na ngozi. Hapo ndipo pameandikwa chakula cha mwezi huu. Cha mwezi ujao bado hakijaandikwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NA WENZAKO

1. Kwa nini mtu anayekula muhogo mchungu kila siku anahitaji protini zaidi?

2. Katika kijiji chako, ni hatua gani ya kutengeneza unga wa muhogo inayorukwa wakati wa njaa? Mfanye nini ili isirukwe?

3. Mwaka huu kaya yako ilivuna ufuta, mbaazi au karanga kiasi gani? Mlibakiza kiasi gani kwa ajili ya watoto?